Kamba Aliyopimiwa Mdogo Wangu

Andika hivi, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Funyula, mama yangu Kocholia, nami nilizaliwa hapa Busia, nyuma ya karakana ya baba. Baba alitengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono, kwa ajili ya watu wasioweza kutembea. Kabla ya kukata chuma alimkalisha mtu, akamnyoosha mkono, akampima kwa kamba ya katani: fundo begani, fundo kwenye kiwiko, na fundo pale vidole vilipofika. Breki aliiweka kwenye fundo hilo la mwisho. Kila mtu alikuwa na kamba yake ukutani.

Ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, aliyepooza miguu utotoni. Kwa baiskeli yake alivusha mizigo ya wafanyabiashara mpakani mpaka akaota mvi.

Baba alipofariki, karakana ilibaki kwa mwanangu, baba yako. Asubuhi moja mfanyabiashara mmoja mwenye mzigo alimjia, mdogo wangu akiwapo.

"Boss, sogeza kiti mbele, sanduku la mizigo likue. Huyu mama hanyooshi miguu, nafasi yote hiyo ni ya nini?"

"Basi nitie mimi sandukuni," mdogo wangu akamjibu, "gunia ndilo liendeshe."

Walicheka wote watatu. Mimi nilimwuliza mwanangu amempima nani. Alikuwa amepima magunia.

"Mama, mama mdogo mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa sababu akikataa, mzigo atapewa mwingine. Anayechora ni wewe. Kukataa ni kazi yako."

Hakukataa. Kiti kilisogezwa mbele, breki ikabaki nyuma ya kiwiko chake, vidole visiifikie. Kwenye mteremko wa kuelekea mpakani, uzito wa magunia ulimsukuma hadi kwenye lori lililosimama foleni. Mkono wake wa kulia ulivunjika, wala haukuunga sawasawa. Mikono ndiyo iliyokuwa miguu yake. Hakuvuka tena. Alikaa mlangoni akiwauliza wapita njia bei za upande wa Uganda, kana kwamba angekwenda kesho, hata tukamzika.

Baba yako hajawahi kuitaja siku ile, nami sijamsaidia kuitaja.

Wewe sasa unasomea ubunifu wa vifaa. Baiskeli ile wape wanunuzi wa vyuma chakavu. Kamba ya mdogo wangu ihifadhi. Usiioshe, fundo la mwisho bado lina grisi ya kidole cha baba yangu aliyelifunga. Itundike unapochorea. Na anayekulipa akikuambia kwamba mtumiaji amekubali, nenda umkalishe mtu huyo kwanza, umnyooshe mkono.