Msaada wa corona ulivyokwama kwa sababu Ayeeyo hataji idadi ya mbuzi wake

Assalaam aleikum wakuu.

Hii si stori ya kusimuliwa. Ayeeyo, yaani bibi yangu, bado yuko hai hapa karibu na Buna. Ukiona naongeza chumvi njoo umuulize, ila atakuuliza kwanza wewe ni wa ukoo gani.

Ilikuwa wakati wa corona. Soko la mifugo limefungwa, malori hayaji, mbuzi hana bei. Tukasikia serikali itawatumia wakulima na wafugaji msaada kwa simu.

Mimi shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto ninazo. Siku moja nitafungua duka la maziwa Wajir mjini, lenye friji na jina langu juu ya mlango. Msicheke.

List ikatoka. Ayeeyo hayumo.

Nikaenda kwa chifu kuuliza. Kumbe kwenye fomu yake, pale panapouliza ana mifugo mingapi, paliachwa wazi. Hapo hapo nikajua. Waandikishaji walipomuuliza aliwajibu, "Wapo, alhamdulillah."

Kwa wasiojua, wazee wetu hawatamki idadi ya mifugo yao. Ukiitaja unaiitia jicho la husuda. Mimi nimewachunga tangu utotoni na sijawahi kuwahesabu. Mmoja akikosekana unaona tu pengo lake.

Siku za marekebisho zilibaki mbili. Na dalali mmoja wa mifugo alishamtolea macho Deeqa, mbuzi wetu wa maziwa, anataka kumnunua kwa bei ya kuku. Bila msaada Deeqa anaondoka, na maziwa yake ndiyo chai ya nyumba nzima.

Watu wakanishauri niandike namba yoyote. Kalamu niliishika kabisa, nikashindwa. Ningemtazamaje Ayeeyo jioni?

Nikampandisha pickup hadi Wajir. Njia nzima analalamika kwamba nimemfunga mdomo kama ndama wa ngamia. Barakoa hiyo.

Kwenye ofisi ya marekebisho tukamkuta madam mmoja, si mtu wa huku. Akauliza kwa upole, "Nyanya, una mbuzi wangapi?"

Nikatafsiri. Ayeeyo akaangalia dirishani.

Akauliza tena. Ayeeyo bado anaangalia dirishani. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika.

Nikasema, "Madam, usimuulize ni wangapi. Muulize ni akina nani."

Akanitazama kana kwamba nina homa. Halafu akageuza karatasi, akashika kalamu ya risasi, akasema sawa.

Ayeeyo akafumba macho, akaanza kuwaita kama anavyowaita jioni zizini. Adey, yule mweupe. Deeqa. Binti wa Deeqa. Mwenye sikio lililochanika. Mwizi wa unga. Kila akitaja mmoja, madam anachora kijistari. Foleni ikanyamaza, wakuu. Hata mlinzi alikuwa anasikiliza.

Katikati akasema, "Barwaaqo." Kisha akafumbua macho.

"Huyo mwambie afute. Alikufa na ukame."

Nani angejua nisipomwambia madam? Lakini nilitafsiri. Madam akakifuta kile kijistari polepole, akasema, "Pole, nyanya."

Alipomaliza, madam alihesabu kimya kimya, midomo ikitembea ndani ya barakoa. Akaandika namba. Halafu akaifunika kwa kiganja, Ayeeyo asiione, akamwonyesha pa kuweka kidole gumba.

Ayeeyo akaniinamia, akasema kwa Kisomali, "Huyu ana mama aliyemlea."

Meseji iliingia baada ya wiki kadhaa. Tukanunua unga na dawa ya minyoo ya mbuzi. Dalali aliporudi nilimwambia Deeqa ana kazi, atafungua duka na mimi.

Nilichojifunza: fomu ikikukataa usikimbilie kudanganya, na usirudi nyumbani pia. Kaa hapo mpaka mpate njia ya kuulizana.

Nyinyi wafugaji wenzangu, kwenu mlijibuje swali hilo? Nawasubiri hapa chini. Ila tafadhali msiandike idadi. Ayeeyo huniambia nimsomee.