Vitunguu Jikoni mwa Glenys Preece

Kabla Tudge hajafika, Glenys Preece alitoa vitunguu vyote stoo akavipeleka bandani. Akasugua meza, akafungua dirisha, ingawa ilikuwa Februari na ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Frome.

"Umenisahau mimi," alisema Mervyn, mumewe. "Nipeleke bandani pia."

"Harufu yako nimeizoea."

Glenys amelima hopsi hapa Herefordshire tangu baba yake alipomwachia shamba. Ni maua hayo yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Yakichelewa kuvunwa hunuka kitunguu, na tanuri la kukaushia haliiondoi harufu hiyo. Septemba iliyopita mashine ya kuvunia iliharibika mvua ikinyesha, na safu za mwisho zikabaki zikining'inia. Alipoyafikicha maua yake kiganjani na kunusa, alijiambia kitunguu kile ni cha mikono yake tu, maana alikuwa ametoka kupika. Akayachanganya na mengine.

Tudge, mpika bia, ndiye mnunuzi pekee aliyebaki. Akijitoa, nguzo zinazobeba hopsi zitang'olewa na shamba litakodishwa kwa jirani mwenye kondoo.

Alikuja na chupa moja ya bia.

"Sijawahi kupika kali kama hii," alisema. "Na hopsi ni zako tupu."

Akaimimina polepole, chupa ameilaza, ili chachu ibaki chini. Mervyn akaleta jibini, na mtungi wa vitunguu vya siki. Akaufungua. Harufu ikatanda jikoni.

Glenys aliutazama mtungi ule. Ukibaki pale, hakuna pua ambayo ingejua kitunguu kinatoka wapi. Mervyn alikuwa akikata jibini kwa makini mno, hainui macho.

Glenys akaufunika, akautoa nje, akafunga mlango.

"Haya, Bi Glenys, onja."

Kwanza ganda la chungwa, kisha utomvu wa msonobari, kisha uchungu uliong'ang'ania nyuma ya ulimi. Akaanza kupumua. Alipokwisha kumeza ndipo kitunguu kilipokuja, kwa mbali, kama kisu kisichooshwa vizuri.

"Kuna kitunguu," alisema. "Ni safu zangu za mwisho. Nilijua tangu siku ya kuzikausha."

Tudge alionja tena, akakaa nayo mdomoni.

"Mimi nilidhani ni tangi langu," alisema. "Nimelisugua wiki nzima. Watu wangu nimewafokea mpaka mmoja ameacha kazi."

Akaiweka bilauri mezani.

"Ungeniambia Septemba, hizo ningezitupa nikachukua nyingine."

"Ungechukua kweli?"

Tudge akaizungusha bia iliyobaki bilaurini.

"Sasa vitunguu vyangu vinaweza kurudi?" aliuliza Mervyn. "Huko nje ni baridi."

"Vilete, bwana," alisema Tudge. "Bia yenyewe imeshaviita."

Tudge alikula viwili, akamaliza bilauri yake. Mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, akasema, "Mwaka huu nitakuja kufikicha mwenyewe, kabla hujakata hata ua moja."

"Hiyo ni ndiyo; atanunua," alisema Mervyn gari lilipoondoka.

Glenys alisimama dirishani akilitazama likipinda getini, viganja vyake vikiwa puani.