Chupa Niliyompa Mume Wangu Kwenye Mvua ya Mawe

Mimi ndiye niliyempa. Si shemeji, si marafiki zake, wala si shetani kama wanavyosema kanisani. Mimi, mke wake!

Sisi ni wakulima wa chai, upande wa Merigi. Siku hiyo mvua ya mawe ilitukuta kwenye kituo cha kupimia majani, tukingoja lori la kiwanda. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope. Tulilowa chapachapa, na baridi ya huku mnaijua. Lakini nani angeacha majani yake yaharibike eti aende nyumbani kubadilisha nguo?

Mume wangu, Baba Chebet, alitetemeka mpaka meno yakagongana. Ana presha, na nilijua. Lakini pale kituoni aliyelowa hupewa chang'aa, pombe yetu kali ya kienyeji, ndiyo blanketi yake. Nikatoa chupa kikapuni, nikammiminia kwenye kifuniko cha thamosi. Akataka tena. Nikaongeza!

"Mama Chebet, hii joto imeingia mpaka kwa mifupa!" akacheka. Akavua koti, akavua na sweta. Nami mjinga nikafurahi!

Mara akashika kifua. "Roho inaruka vibaya," akasema, kisha akaanguka juu ya magunia.

Hospitalini daktari hakunibembeleza. Alisema pombe hufungua mishipa ya ngozini, joto la mwili likatoroka huku mtu akijiona amepata moto. Moyo wake, uliochoka na presha tayari, ukapambana na baridi na pombe kwa pamoja mpaka mapigo yakavurugika. Loo, nilitamani ardhi inimeze!

Alipona, lakini nguvu hazikurudi. Kikapu sasa nabeba peke yangu.

Mama mkwe anatangaza kwamba nilitaka kumuua. Nimekataa! Kosa ni langu, nia hiyo si yangu. Na chang'aa ile ilipikwa jikoni kwake.

Juzi mawe yalianguka tena, tukiwa pale pale kituoni. Shemeji akatoa chupa ampe jirani aliyelowa. Nikamnyang'anya, nikaimwaga matopeni mbele ya wote.

"Nani amekupa ruhusa?" akafoka.

"Enda uulize ndugu yako," nikamwambia. "Ako nyumbani. Kutoka kitanda mpaka mlango, lazima apumzike njiani."



Nanyi mnaosoma, aliyelowa mvueni nguo, mfunikeni, mpeni chai moto. Kituoni wameniita mwenda wazimu. Waniite! Wakileta chupa nyingine, nitaimwaga pia.