Macho ya Bibi Minza: picha yangu nyekundu ilivyozua balaa, na kamera ile ile ilivyotutoa

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mzee, kidato cha nne cha zamani, karani wa ghala la pamba mpaka nilipostaafu. Umri wangu hauniruhusu kuwatungia vitu. Haya yalinipata mwenyewe, na sehemu yake mbaya niliileta mwenyewe.

Wanaofuatilia uzi wa picha wanamkumbuka mdau aliyesema Kagera ni kijani tupu, migomba mwanzo mwisho, na mpiga picha akija huku atasinzia.

Nilimjibu kwa hasira kidogo. Nikamwambia nitamletea nyekundu mpaka aombe maji.

Nina kamera ndogo ya mfukoni aliyoniachia binti yangu Eda aliponunua simu kubwa. Kamera ya zamani, ina flashi kali kama radi. Nilizaliwa Rulenge, upande wa Ngara, lakini miaka mingi naishi kijiji kimoja mbele kidogo ya Lusahunga, Biharamulo. Kwa hiyo nilikuwa na wilaya mbili za kuwinda.

Nikaanza na Lusahunga. Nyanya kwenye ndoo zinanyanyuliwa mpaka dirishani kwa madereva wa malori. Taa za nyuma za lori kwenye vumbi, picha nzuri sana ile.

Dereva mmoja akashuka kwa wasiwasi.

"Mzee, unapiga namba za gari?"

"Napiga taa tu, kijana."

"Taa zina kosa gani tena?"

Nilitumia muda mrefu kumweleza kuwa taa zake hazina kosa, ni nzuri. Mwisho alijifuta vumbi akaomba na yeye apigwe.

Rulenge nilipata mti wa umurinzi, ule unaochanua maua mekundu wakati hauna hata jani moja. Nikapata soksi za watoto wa shule, nyeupe zilipotoka dukani, sasa zina rangi ya barabara. Nikapata mjusi mwenye kichwa chekundu akifanya mazoezi ya mikono juu ya jiwe. Baada ya mvua nikalala kifudifudi shambani kumpiga yule mdudu mdogo mwekundu anayefanana na kipande cha mahameli. Jirani alikimbia kuja kuniinua akidhani nimeanguka.

Aliyenishinda ni ndege mmoja. Mkubwa, bluu iliyokolea, mdomo wa njano. Akitua unamwona kishungi kidogo tu chekundu. Akiruka ndipo anafungua mabawa, na ndani yake ni nyekundu tupu ambayo sijaiona mahali pengine popote. Mimi nikibonyeza, yeye ameshapita.

Nina picha nyingi sana za matawi.

Sasa twende kwenye yenyewe.

Jirani yangu wa karibu ni Bibi Minza, mjane, Msukuma aliyekuja huku na mumewe wakifuata malisho. Kijiji kizima tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kazi yake kwa sasa ni kukaa na watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Wanamwachia asubuhi, yeye anawapikia uji, jioni wanawachukua na kumwachia chochote walichonacho, mahindi, dagaa, sabuni. Hiyo ndiyo riziki yake, na ndiyo furaha yake. Uwanja wake ukikosa kelele anaumwa kichwa.

Siku moja mvua ilinyesha mchana, giza likaingia jikoni kwake. Nilikuwa nimekwenda kuomba moto. Nikaona makaa kwenye mafiga, mekundu, yanapumua. Nikatoa kamera.

"Mayu, usisogee."

"Nisogee niende wapi na mvua hii?"

Nikapiga. Flashi ikawaka.

Nilipoangalia kwenye skrini, makaa yalikuwa yamefifia yakawa kijivu. Lakini nyuma yake, kwenye giza, Bibi Minza ananitazama moja kwa moja, na macho yake mawili ni mekundu kama taa za lile lori.

Wakuu, naomba nisijifiche hapa. Niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona. Nikajiambia, nilikosa makaa lakini nimepata nyekundu nyingine, tena kali zaidi.

Nikaenda kusafisha picha Biharamulo mjini. Nikazibandika zote kwenye ukuta wa kibanda cha kuchaji simu, pale watu wanapokaa kusubiri. Taa, maua, mjusi, mdudu. Katikati nikamweka Bibi Minza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inavuta macho.

Walio mbali na kanda hii labda hawaelewi ubaya wake. Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba bibi mwenye macho mekundu ni mchawi. Yanakuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka na miaka ya kupikia watu, jambo hilo halihitaji hata darasa. Lakini wapo akina bibi waliofukuzwa kwao kwa ajili hiyo, na wapo walioumizwa vibaya zaidi. Mimi nimeishi na watu hawa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilijua. Nilikuwa nawaza sifa tu.

Mke wangu, Mama Eda, alirudi kutoka kuchaji simu akiwa hajaichaji.

"Kaitoe ile picha."

"Ipi?"

"Unaijua."

"Mbona imetoka vizuri?"

"Vizuri kwako. Umepita kwa mayu leo? Sikiliza."

Nikasikiliza. Hakukuwa na kelele ya mtoto hata mmoja upande ule.

Nikaenda mbio kuitoa. Hapo nikafanya kosa la pili, maana nilipoitoa watu wakasema imetolewa kwa sababu ni kweli. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameketi pale pale. Akasema, "Mimi sisemi kitu. Ila kamera haina ugomvi na mtu."

Ukisikia mtu mwenye cheo anasema hasemi kitu, ujue amekwisha kusema.

Mama Shija, mama kijana ambaye mwanawe alikuwa anashinda kwa Bibi Minza kila siku, alianza kwenda shambani na mtoto mgongoni, analima naye juani.

Nilikaa na aibu yangu, kisha nikaenda.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, Baba Eda. Macho umemaliza, umekuja kupiga picha miguu sasa?"

Alikuwa ameshajua yote. Alikaa peke yake na sufuria ya uji, amepika ule ule wa watoto wote kwa mazoea. Nilimwomba msamaha. Alininywesha uji kwanza, kikombe kikubwa, tena wa kwangu hakuutia sukari.

Kisha akauliza, "Hebu niambie, kwa nini kamera yako imenifanya hivyo? Macho yangu si mekundu hivyo. Kioo ninacho."

Nikamweleza nilivyosoma humu humu jukwaani. Kwamba gizani mboni inafunguka, flashi ikiwaka ghafla mwanga unaingia mpaka nyuma ya jicho, na huko nyuma kuna damu. Kamera inapiga picha ya ile damu.

"Damu tu?"

"Damu tu."

"Na mwenyekiti hana damu?"

Tulitazamana. Nadhani tuliupata mpango kwa pamoja, ingawa yeye anasema ni wake, na mimi sina nafasi ya kubishana naye.

Siku ya gulio nilitangaza picha za bure ndani ya ghala la mahindi. Tulifunga madirisha, giza likawa zito. Neno bure linajulikana, watu walijaa mpaka mlangoni. Bibi Minza alikuja na kigoda chake, akakaa pembeni, hakuna aliyekaa karibu naye ila Mama Eda.

Wa kwanza nilimwita mwenyekiti, kwa heshima ya cheo. Akavuta koti, akatazama kamera kama anayeapishwa. Nikapiga.

Nikampa aone. Akaangalia skrini, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii kamera ni mbovu."

"Juzi ilikuwa haina ugomvi na mtu," mke wangu akasema.

Watu wakasukumana kuchungulia. Macho ya mwenyekiti yalikuwa mekundu, yote mawili, tena kuzidi ya mayu. Bibi Minza akasogeza kigoda chake kidogo, akapiga mkono kwenye nafasi iliyobaki.

"Karibu kikaoni, mwenyekiti. Tufungue kwa sala, au tuanze na ajenda?"

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa mabati. Mwenyekiti mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa.

Baada yake nikapiga kila aliyetaka. Wengi walitoka na macho mekundu. Waliotazama pembeni walitoka kawaida, wakalalamika kwamba wameonewa. Mbuzi wa mtu alikuwa amejificha mvua humo ndani, naye nikampiga, macho yake yakatoka ya kijani. Ikasemwa kwamba katika kitongoji chote mbuzi ndiye msafi peke yake.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Mama Shija. Alisimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni, hacheki. Mtoto alikuwa ametoa kichwa juu ya bega la mama yake, anaishangaa kamera. Nikauliza kwa ishara kama nipige. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, halafu akakubali kwa kichwa.

Wakuu, hili sikulijua. Watoto ndio wanaotoka na macho mekundu kupita wote. Yule mtoto alitoka na macho kama makaa yale niliyoyakosa jikoni.

Waliokuwa wakichungulia wakarudi nyuma. Nilifikiri nimeharibu mara ya tatu, na safari hii nimeongeza na mtoto.

Mama Shija aliichukua kamera akaangalia. Kisha akawageukia watu.

"Na huyu naye ni mchawi? Hajaota hata meno."

Akanirudishia kamera yangu akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Nilimwona Mama Shija akipita na jembe begani. Alifika kwa Bibi Minza, akamfungua mtoto mgongoni, akamketisha chini kwenye mkeka kama siku zote.

"Mayu, hajanywa uji."

"Upo," Bibi Minza akasema.

Ni hayo tu waliyoongea. Siku zilizofuata wakaja wengine, na kelele zikarudi mpaka Mama Eda akaanza kulalamika kwamba hapati usingizi wa mchana.

Picha za ghalani nimezibandika pale pale kibandani, za watu wote, mayu na mwenyekiti wakiwa jirani. Mwenyekiti ameniomba nimtolee nakala ya kupeleka kwa mjomba wake Karagwe.

Nilichojifunza ni hiki. Nyekundu juu ya pilipili ni rangi tu. Ikimkalia mtu, inakuwa maneno, na mpiga picha ndiye anayeyasema, hata kama hajafungua mdomo. Siku hizi kabla sijabandika picha ya mtu ninamwonyesha kwanza, halafu namwonyesha mke wangu. Mke wangu ndiye mkali zaidi.

Bibi Minza amenisamehe, nadhani. Uji wangu umerudi kuwa na sukari, ingawa kidogo.

Haya, wakuu, nipondeni mnavyotaka, nastahili. Na kama kuna anayejua namna ya kumpata yule ndege akiwa amefungua mabawa, anifundishe hapa chini. Yuko juu ya mti wa Bibi Minza sasa hivi ninapoandika, na watoto wameanza kumrushia mahindi ili aruke, wanisaidie.

Nimepata tawi jingine.