Sanduku la Kumtenga Mkwe

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye gereji ya pikipiki hapa Bariadi, mtoto mgongoni, roho mkononi. Mume wangu alikuwa anaiandaa ile pikipiki yake kubwa ya safari ampeleke mama yangu nyumbani, Kimali. Kaweka kioo cha kukinga upepo, siti laini, na egemeo la mgongo, kisha akataka sanduku la mizigo lifungwe katikati ya siti.

"Bosi, sanduku hukaa nyuma," fundi akasema.

"Abiria ni mama mkwe."

Fundi akaweka spana chini. "Aa, mkwe! Huyo kimila haguswi. Tufunge na la pili?"

Nikauliza, sasa mama atashika nini jamani, si ataanguka? Fundi akaokota spana tena, heshima ilikuwa inakazwa nati.

Mama akaitwa kutoka kivulini alipokuwa anasubiri, akapanda, wakaenda kujaribu, kanyooka kama nguzo. Hawajafika mbali mbuzi akakatiza, breki zikalia, nami nikapiga yowe na kufumba macho. Nilipofumbua, mikono ya mama ilikuwa imelivuka sanduku, kamkumbatia mkwewe shingoni, akilia mama wee kwa Kisukuma, "Mayuu! Mayuu!"

Gereji nzima tukatazama pembeni kwa adabu.

Mama akashuka, akafunga kanga upya, akaniambia mimi, na mkwewe kasimama palepale: "Mwambie mwenzio sanduku ni zuri, ila linaniumiza tumbo. Alirudishe nyuma."

Wasomaji, mila hii naiheshimu. Ila waliotuwekea walikuwa wanatembea kwa miguu.