Kasiksi Ambayo Mama Mukwe Alininywea

Admin, jina langu ulifiche, maana hapa Uvira kila muntu anajuana na mwingine. Niko na miaka 31. Niliolewa kartie Songo, mutaa wa hapa Uvira, huu ni mwaka wa saba. Sasa hivi niko kwa wazazi wangu Runingu, na mimba ya miezi mitano. Bwana yangu hajanifukuza. Alisema tu nipumuzike kwetu kidogo, na tangu siku ile nikipiga simu hapokei.

Mama mukwe ndiye alinifundisha kupika kasiksi, pombe ya ndizi. Kukamua ndizi si kazi, kila muntu anaweza. Kazi iko mwisho. Ukishaichuja na kitambaa unaitia ndani ya bido, dumu la plastiki, unaiweka mahali pa baridi, na mukono wako unakaa mbali siku tatu. Usiisogeze, usifungue kila saa kuchungulia. Mashapo yanashuka yenyewe. Kisha unavuta ya juu na mupira wa bomba polepole, unajaza machupa, ya chini unaiacha. Mama alikuwa anainua chupa mulangoni kwenye mwanga, anaweka mukono nyuma ya chupa, anasema, "Nikihesabu vidole vyangu vyote, wageni wakuje." Tulikuwa tunacheka. Aliniita binti yangu mpaka majirani wapya waliamini ni yeye alinizaa.

Mwaka huu wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba, alipata muchumba. Upande wa muchumba ulisema utaleta dote, mahari ya wifi, Jumamosi, nami nikapika kwa hesabu hiyo. Halafu wakabadilisha, wakasema wanakuja Alhamisi. Kasiksi ilikuwa imelala ndani ya bido usiku mumoja tu. Mama akaniambia, "Tuiache. Tununue sukré, hizi soda za dukani, hii tutawapelekea siku ingine." Minye niko na kichwa kigumu tangu utoto. Nikamujibu, "Mama, watasema nyumba hii haina muke." Nikavuta, nikajaza. Ilikuwa kama maji ya muto Ruzizi wakati wa mvua.

Wageni waliangalia bilauri, kisha wakaangaliana. Munajua vile kwetu hofu ya sumu iko. Na munajua desturi: mwenye kupika anakunywa wa kwanza, bilauri nzima, wote wakiona. Wakanipatia bilauri. Niliishika tu, sikuipeleka kinywani.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Mbele yake nilishapoteza mbili, zote baada ya kutangaza, basi hii nilinyamaza. Hata bwana yangu sikumwambia. Muuguzi tu ndiye alijua, na alinikataza pombe, hata kidogo. Asiyewahi kupoteza ataniuliza bilauri moja ni nini. Minye niliwaza zile mbili, na wageni walikuwa wananingoja.

Mama akainuka pale alipokaa, akachukua bilauri mukononi mwangu. Akasema, "Tulipika naye, na mukubwa ndiye anaanza." Akainywa mpaka chini. Wageni wakashukuru, lakini hakuna mwingine aliyeonja. Dote ilipokelewa. Kasiksi yote niliimwaga nyuma ya nyumba.

Siku tisa baadaye Mama alianguka. Alikuwa na tansio, presha ya damu, ya miaka mingi, na dawa alikuwa anasahau. Kule hospitali, wifi alitoka kwenda kuchota maji, tukabaki wawili. Mama akaweka mukono juu ya tumbo langu.

"Nilijua tangu siku ile uliacha kula ndagala," akasema. "Ndiyo maana nilikunywa. Lakini weye, binti yangu, siku ingine ungoje itulie."

Asubuhi iliyofuata alituacha.

Munganga wa hospitali alisema ni tansio. Nani alimusikiliza? Wifi alisimama kwenye kilio, mbele ya watu wote, akasema, "Huyu aliogopa pombe yake mwenyewe. Mama ndiye alikunywa, na Mama ndiye tumezika." Nikasema niko na mimba, ndiyo sababu. Akaniuliza, "Mimba gani hata bwana yako hakuijua?" Nikamutazama bwana yangu. Akaangalia chini. Maneno ya Mama niliyasikia peke yangu, na aliyeyasema hayuko. Wifi simuchukii. Amepoteza mama, na minye pia nimempoteza, ila minye hawakuniachia nafasi ya kulia.

Sasa Jumamosi hii ni kuondoa kilio, kumaliza matanga ya Mama. Familia imekata maneno: nirudi na kasiksi niliyopika mwenyewe, niikunywe bilauri nzima mbele yao. Nikikunywa, ninaingia nyumbani kwangu. Nikikataa, nibaki huku, na mutoto wangu ataitwa mutoto wa mwenye sumu. Bwana yangu alinitumia sauti moja tu kwenye simu: "Kunywa tu, iishe." Hakuuliza kama mutoto anacheza.

Nimeipika. Safari hii sikuisogeza, sikuifungua. Leo siku tatu zimetimia. Asubuhi nilijaza chupa moja, nikaiinua mulangoni, nikaweka mukono nyuma yake. Nilihesabu vidole vyote vitano. Nikakaa chini nikalia, kwa sababu Mama hayuko aione.

Wamama na wadada mulioko hapa, munisaidie kuwaza. Kama ningengoja ile siku, hakuna muntu angeogopa bilauri yangu. Hilo ni kosa langu, nitakufa nalo. Lakini Mama alikunywa ili minye nisikunywe. Jumamosi nikiinywa, nitakuwa nimeimwaga bilauri yake. Nisipoinywa, sina nyumba. Nyinyi mungekuwa minye, mungefanya nini?