Shina la kwanza nililopewa

Leo nimeua mti wa kanisa, na Mama Zawadi alikuwa ananitazama.

Wengi mnamjua kwa kusuka nywele hapa mtaani kwetu Malvern. Lakini kwao Uvira baba yake alimfundisha kusuka ua wa miti hai: unakata shina karibu na ardhi, unabakisha gome na unene kidogo wa mti, unalilaza kati ya mengine, nalo linaendelea kuishi.

Wiki tatu nilitafuta ujasiri wa kumwomba anifundishe kwenye ua wa kanisa letu.

Halafu shina la kwanza kabisa nikalikata lote.

Nilisubiri aninyang'anye panga.

"Eish, binti yangu. Nilisema ukate, sikusema uue."

Akaliokota, akalichonga ncha, akalipigilia wima kwenye udongo.

"Sasa huyu maiti wako atawashika wenzake wasianguke. Kata lingine."

La pili nililikata polepole sana. Likalia kidogo, likalala, halikukatika.

"Umesuka," akasema, akarudi kwenye shina lake.

Mkija Jumapili, angalieni karibu na geti. Lile lililosimama wima ni langu, chekeni tu.

Lakini lililolala pembeni yake pia ni langu.